Wanaandika mpango baada ya kumaliza programu

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nafundisha kompyuta kidato cha tatu, sekondari moja wilayani Rungwe. Nina wanafunzi 42 na kompyuta 11 zinazowaka. Nikitoa swali la kuandika programu kwa lugha ya Python, hawajafika hata mstari wa pili wa swali, vidole tayari viko kwenye kibodi. Nimeweka sharti: hakuna kugusa mashine kabla ya kunionyesha mpango kwenye daftari. Sasa wamenigundulia njia. Wanaandika programu kwanza, ikikubali wanachora chati mtiririko (mchoro wa hatua za programu) ya kuisindikiza, kisha wananiletea kana kwamba ndiyo iliyotangulia. Nimekemea, nimenyima alama, wapi. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwalimu, na kutoka huku Iringa, kamwene.

Nikuombe kwanza uache kuwakemea kwa hilo. Wanafunzi wako wamekuambia jambo la kweli, ila wamelisema kwa vitendo: mpango unaoutaka hauwasaidii kitu. Aliyekwisha kuepua wali hatafuti maelezo ya kupika wali. Akiyaandika, ujue kuna mkaguzi anakuja, na hapo mkaguzi ni wewe.

Nayajua haya kwa sababu niliyafanya mwenyewe. Miaka yangu ya mwanzo ya kufundisha, kwenye chuo kimoja cha ufundi, nilidai chati mtiririko kwa kila swali: umbo la yai la kuanzia, mstatili wa tendo, msambamba wa kuingiza data, almasi ya uamuzi. Nilipata michoro mizuri kweli. Imepigwa rula, mingine imepakwa rangi. Nilikuwa nakata alama kwa almasi iliyopinda! Siku moja binti mmoja akaniuliza, kwa adabu zote, "Mwalimu, huu mchoro ni wa nani? Kompyuta haiusomi, na mimi nimeshamaliza." Nilimjibu kwamba upo kwenye mtaala, na nilipofika nyumbani niliona haya.

Nikarudi kuyaangalia maswali niliyokuwa nikiwapa. Jumlisha namba mbili. Tafuta eneo la mstatili. Geuza nyuzi za joto. Kwa maswali ya namna hiyo hata mimi sipangi. Nani anakaa chini kuandika mpango wa kwenda dukani kununua chumvi? Lakini mpe kijana huyohuyo kipaimara cha mdogo wake, uone. Kutakuwa na kamati, mwenyekiti na mhazini, na daftari la ahadi. Nani ataazima masufuria, jiko litakaa upande gani, na kwa mvua zetu hizi turubai litatoka kwa nani. Hakuna mwalimu aliyemfundisha kupanga. Anapanga kwa sababu mbili tu: shughuli haikai yote kichwani, na kuna watu wengine watakaofanya kazi kwa kufuata alichoandika.

Maswali yako, mwalimu, nadhani hayana hata moja kati ya hizo mbili. Ni madogo, na aliyepanga ndiye anayeandika. Badilisha hayo kabla ya kubadilisha adhabu.

Tuanze na ukubwa wa swali. Swali ninalolipenda kuliko yote kwa shule zetu ni hili: andika programu inayopokea alama za mwanafunzi wa kidato cha nne, itoe divisheni yake. Huhitaji kueleza muktadha, kila mtoto darasani anaujua kwa moyo na kwa hofu. Alama 75 hadi 100 ni A, 65 hadi 74 B, 45 hadi 64 C, 30 hadi 44 D, chini ya hapo F. A ina pointi 1, B 2, C 3, D 4, F 5. Unachukua masomo saba aliyofanya vizuri zaidi, unajumlisha pointi: 7 hadi 17 divisheni ya kwanza, 18 hadi 21 ya pili, 22 hadi 25 ya tatu, 26 hadi 33 ya nne, 34 na 35 ni sifuri.

Siku ya kwanza usiwashe kompyuta hata moja. Waandikie ubaoni alama za mtahiniwa wa kubuni: Hisabati 28, Kiswahili 71, Kiingereza 45, Bailojia 52, Kemia 38, Fizikia 29, Jiografia 64, Historia 66, Uraia 75. Kila mmoja atafute divisheni kwa kalamu, kimya. Ukizigeuza kuwa pointi unapata 5, 2, 3, 3, 4, 5, 3, 2, 1. Saba bora ni 1, 2, 2, 3, 3, 3 na 4, jumla 18, divisheni ya pili. Wengi watapata. Usifurahie mapema.

Sasa waulize: umefanyaje? Watakujibu, "Nimechukua saba bora." Wabane hapohapo. Umezichukuaje? "Nimeziona." Kwa kutumia nini? "Kwa macho." Mashine haina macho ya kuona orodha nzima kwa mkupuo, inaokota kimoja kimoja. Mwambie mwanafunzi aiweke kila pointi kwenye kikaratasi, avifunike vyote, afunue viwili tu kwa wakati mmoja, atafute saba bora kwa kufuata sharti hilo. Ndipo utakapoona vichwa vinainama. Kazi aliyoidhani ni tendo moja ina matendo mengine ndani yake, na hayo nayo yana mengine. Niklaus Wirth, yule Mswisi aliyetunga lugha ya Pascal (sisi wazee tulianzia huko), alichapisha makala mwaka 1971 kuhusu hicho hicho: kuanza na maelezo mapana ya kazi, kisha kuyavunja hatua kwa hatua mpaka yafikie kiwango ambacho mashine inaelewa. Usiwatajie jina lake kwanza. Waache vikaratasi viwafundishe.

Ukitoka hapo, mpango wanaoweza kuuandika ni wa namna hii, kwa Kiswahili cha kawaida:

# pokea alama za masomo yote
# geuza kila alama kuwa pointi
# panga pointi, ndogo itangulie
# chukua saba za mwanzo, zijumlishe
# tafuta divisheni ya jumla hiyo

Umeona alama ya reli pale mbele? Sikuiweka kwa urembo. Python huuruka mstari unaoanza nayo, kwa hiyo mpango unaandikwa ndani ya faili lenyewe na unabaki humo. Mwanafunzi anajaza msimbo, yaani amri zenyewe za programu, chini ya kila mstari, na mstari ambao chini yake pako wazi unamkumbusha kazi iliyobaki. Hakuna mpango wa daftarini na programu ya mashine, vitu viwili visivyojuana. Tangu nianze kuwafundisha hivi sijadai tena chati mtiririko, isipokuwa pale mtihani unapoidai, na kwa hilo tunatenga wiki yake.

(Nasema msimbo kwa makusudi. Vijana wanapenda kusema "kuandika kodi", na mzazi mmoja wa Mafinga aliwahi kuniuliza kwa wasiwasi kama tunawaandaa watoto kuwa watoza ushuru.)

Narudi kwenye zile alama tisa, maana hazikuchaguliwa ovyo. Mwanafunzi aliyesahau neno "bora" akachukua masomo saba ya mwanzo kwenye orodha anapata 25, divisheni ya tatu. Aliyejumlisha yote tisa anapata 28, ya nne. Mtahiniwa ni yuleyule, alama ni zilezile, na ameshapewa divisheni tatu tofauti kutegemea nani aliandika programu. Watoto wanalielewa hilo haraka kuliko hotuba yoyote kuhusu umuhimu wa kupanga, kwa sababu wanajua mtoto wa divisheni ya nne anapokelewaje nyumbani.

Kuna jingine la kutisha zaidi. Mwanafunzi aliyepanga pointi kinyume, kubwa ikatangulia, akachukua saba za mwanzo, naye anapata 25. Ni rahisi kukosea hapo, maana mahali pengine kote maishani "bora" ni kubwa, na hapa bora ni ndogo. Halafu yupo aliyeanza masharti yake kwa kuuliza "je, alama ni 30 au zaidi?" kabla ya kuuliza kuhusu 75. Kila alama ya kufaulu inanasa kwenye mtego huo wa kwanza na kupewa D, hata ile 75 ya Uraia. Saba bora zinakuwa D saba, jumla 28. Basi una makosa mawili yasiyohusiana yanayotoa 25, na mengine mawili yasiyohusiana yanayotoa 28. Wanafunzi wawili wakichungulia skrini ya mwenzake wakakuta majibu yanalingana, watagongeana mikono wamalize kazi. Wote wamekosa.

Ndiyo maana, kati ya vitu vyote vinavyoitwa mpango, kimoja sikisamehi: mfano uliotatuliwa kwa mkono, jibu lake limeandikwa kabla mashine haijawashwa. Mchoro sina haja nao, mtiririko unaweza kuwa mistari mitatu ya kalamu ya risasi. Lakini asiyejua kwamba jibu sahihi ni 18 hawezi kuiambia kompyuta kwamba 25 ni uongo. Ataiamini, kwa sababu imeandikwa vizuri kwenye skrini.

Sasa tuje kwenye ule udanganyifu wao. Dawa yake unayo tayari, ila umeihesabu kama shida: kompyuta 11 kwa wanafunzi 42.

Wagawe wawili wawili, utapata jozi 21. Nusu ya jozi ziandike mpango wa swali la kwanza, nusu nyingine mpango wa swali la pili. Kisha wabadilishane karatasi. Jozi 11 ziende kwenye mashine na mpango ambao si wao waliouandika, zitengeneze programu kwa kuufuata kama ulivyo. Jozi 10 zibaki kwenye madawati zikiupitia mpango wa wenzao kwa kidole: hapa namba ni ngapi, hapa inabadilika kuwa ngapi, hapa tunarudi juu. Kipindi kinachofuata wapishane. Sheria ni moja, na uisimamie kwa ukali: mwenye mpango haruhusiwi kusema. Hata akiona wenzake wanapotea, anyamaze. Wanaotekeleza wakikwama wanatia duara kwa kalamu nyekundu pale walipokwama, wanaandika swali lao, kisha karatasi inarudi kwa mwenyewe.

Mpango wa kutungwa baada ya programu hauwezi kupita hapo, maana programu yenyewe ataiandika mtu mwingine, kesho. Na wewe hutakuwa tena polisi. Kalamu nyekundu ya mwanafunzi mwenzake inauma kuliko yako. Nimeona vijana wakigombana kweli: "Umeandika 'tafuta daraja', daraja gani, la somo au la jumla?" Mabishano hayo ndiyo somo. Safari ya kwanza yatakuwa vurugu tupu, karatasi zitarudi zimejaa duara kama zimeugua surua, na wengine watakulalamikia kwamba wamepewa mpango wa mtu asiyejua kitu. Vumilia. Kwangu mambo hutulia kwenye mzunguko wa tatu hivi, ambapo maneno kama "chagua zile nzuri" yanaanza kutoweka yenyewe.

Umeme ukikatika katikati ya kipindi, kazi ya madawatini inaendelea. Sina haja ya kukueleza hilo lina thamani gani masika.

Lipo jambo ambalo najua baadhi ya walimu wenzangu hawakubaliani nami. Kanuni yako ya "hakuna kugusa mashine kabla ya mpango" naiona kali mno, na nyakati nyingine inadhuru. Mtoto hawezi kupanga kwa vifaa asivyovijua. Kama hajawahi kuona kitanzi (amri zinazorudiwa tena na tena) kikizunguka, ataandika nini kwenye mpango? Fundi seremala wa Mafinga hamwambii mwanagenzi achore kabati kabla hajawahi kushika randa na kusikia mbao ya msindano inavyojibu. Kwa hiyo nina vipindi vya aina mbili na nawatangazia wazi. Kuna siku za kuchezea: leo tunajifunza amri ya kupanga orodha, washa, andika chochote, haribu, uone inasema nini. Siku hizo sitaki mpango, na anayeniletea namrudishia. Halafu kuna siku za tatizo, na hizo zina utaratibu wake. Nahisi wanafunzi wako wanakimbilia kibodi kwa sababu hawajapewa siku ya kuchezea, basi wanaiiba kwenye siku ya tatizo.

Na mpango ukibadilika njiani, ubadilike. Waandike kwa penseli, wakate, waongeze. Aliyegundua katikati ya kazi kwamba alisahau masomo bora hajavunja sheria yoyote, ilimradi arudi kwenye mstari wa mpango aurekebishe kabla ya kuendelea, badala ya kuweka kiraka kwenye msimbo na kuuacha mpango ukisema uongo.

Swali la pili la kubadilishana nalo ni hili. Miaka ya 1980, Elliot Soloway wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, aliwapa wanafunzi wanaoanza swali linaloonekana jepesi: soma namba moja baada ya nyingine mpaka ifike 99999, kisha toa wastani wa zile zilizotangulia. Hiyo 99999 ni ishara ya kusimama tu, si data. Wengi walishindwa. Swali lilikuja kujulikana kama tatizo la mvua, kwa kuwa namba hizo huelezwa kama vipimo vya mvua, na walimu wa kompyuta duniani wanalitumia mpaka leo. Kwa Tukuyu, hapo kwenu Rungwe, ambako mvua ndiyo habari ya kila siku, sioni swali linalofaa kuliko hilo. Waambie ni milimita zilizopimwa shuleni, kila siku namba moja, na siku kavu ni sifuri.

Ugumu wake umejificha. Kazi mbili zinakwenda pamoja, kujumlisha na kuhesabu siku, na ya tatu inazilinda zote mbili zisiimeze ile 99999. Mwanafunzi asiyepanga ataijumlisha, na wastani wa mvua wa Rungwe utaizamisha wilaya. Je, siku kavu inahesabiwa kwenye wastani? Inahesabiwa, lakini acha wabishane kwanza. Na kama mtu ameingiza 99999 moja kwa moja, bila siku hata moja? Programu itagawanya kwa sifuri na kuanguka. Ukimpa mwanafunzi mfano huo wa mwisho autatue kwa mkono, atasema "haiwezekani", na hilo "haiwezekani" ndilo anatakiwa kuliandika kwenye mpango wake kama sharti.

Kuhusu alama za darasani nitakuwa mfupi. Usitoe alama kwa mpango kuwa nadhifu. Toa kwa mfano wa mkono wenye jibu, na toa kwa idadi ya duara nyekundu zilizopungua kati ya mzunguko mmoja na mwingine. Programu inayokwenda ipewe alama zake, lakini isiwe zote.

Amebaki yule mmoja ambaye hukumtaja lakini najua yupo, kwa sababu yupo kila darasa. Anaandika bila mpango, anamaliza wa kwanza, na jibu lake ni sahihi. Wenzake wanamtazama na kusema, mbona yule hapangi? Usimlazimishe, anapanga kichwani, na swali lako bado linamtosha humo. Mwongezee mzigo mpaka kichwa kisimtoshe tena. Mtahiniwa mwingine hakufanya mtihani wa Kemia, pana X badala ya namba. Mwingine ana masomo sita tu yenye alama. Mwalimu wa taaluma anataka matokeo ya darasa zima yapangwe kutoka wa kwanza hadi wa mwisho, na wawili wamefungana pointi. Mpe yote matatu kwa pamoja, siku moja, kisha umwambie mpango wake utatekelezwa na jozi inayokaa nyuma karibu na dirisha, ile ambayo huwa anaicheka.

Hiyo 18 nimekuandikia wewe, mwalimu. Ubaoni usiiweke, hata wakikuomba.